Mbao za Mtani

Jukwaa la siasa hujengwa kwa hesabu ya wanene, na ukimaliza wanene unahesabu wasioalikwa. Hayo alinifundisha Fundi Athumani, Mungu amrehemu, siku jukwaa langu la kwanza lilipoanguka na wakubwa wakiwa juu yake. Niliambiwa watapanda watu wanane. Nikajenga la watu wanane, nikaongeza na boriti moja ya tahadhari, nikajiona fundi. Jina la mgombea lilipotajwa tu, wakapanda wale wanane, na wake zao, na shemeji mtu aliyeingia kutoka Nzega asubuhi ileile, na mweka hazina na kiti chake, na kikundi cha ngoma na ngoma zake zote. Mgombea akashika maikrofoni, akasema, "Ndugu zangu, mwaka huu tunasimama imara." Kah! Tukawaona wote wamekaa.

Hakuumia mtu, ila mweka hazina alipoteza kiatu, akakipata kesho yake. Mimi nilikimbilia nyuma ya msikiti nikajificha. Fundi Athumani akanifuata hukohuko, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Mwanangu," akaniambia, "umejenga jukwaa la watu waliotajwa. Siasa haina watu waliotajwa. Tena ungempa kila mmoja kilo za ziada, maana mtu akishapanda pale juu huwa mzito kuliko alivyokuwa chini."

Nawaambia haya nyie vijana wa kijiweni, mnaopaki pikipiki zenu mbele ya iliyokuwa karakana yangu hapa Ipuli. Najua nikigeuza mgongo mnaniita Babu Jukwaa. Sawa, niiteni. Lakini juzi nimewasikia. Kulwa, wewe ndiye uliyekuwa unapaza sauti, eti kadi yako ya kura unakwangulia tope kwenye matairi, eti uchaguzi huu mshindi anajulikana hata na mbuzi. Wenzako wakacheka, ila hawakucheka vizuri. Kicheko cha namna ile nakijua. Nimekicheka miaka na miaka, nyuma ya jukwaa, kule kwenye misumari.

Msidhani nimekuja kuwakemea. Nianzie wapi? Kwa kukata tamaa na siasa mimi ni bingwa wenu, nyie bado wanagenzi. Nimejengea majukwaa vyama vyote vilivyowahi kukanyaga mji huu. Bendera hubadilika, misumari ni ileile ya inchi nne.

Jukwaa, watoto, lina mbele na nyuma, na watu hawajui ila mbele. Mbele unapigilia kitambaa cha rangi za chama, kimenyooka, hakina kunyanzi. Nyuma unaacha kama palivyo: mbao hazijapigwa randa, magogo ya kuegemezea, tofali chini ya mguu mmoja uliotoka mfupi. Fundi anakaa huko nyuma mkutano mzima, maana jukwaa likianza kulia inabidi aingie chini na nyundo. Sasa ukikaa chini ya watu wanaoahidi, mwaka huu na miaka mitano mbele na mitano mingine, unaanza kuzijua ahadi kwa miguu. Ahadi ya maji, mtu anatembea huku na huku. Ahadi ya ajira kwa vijana, anapiga kisigino. Ahadi ya daraja, anasimama wima kabisa, hatingishiki, kama mtu anayepigwa picha.

Na mbao lazima ziwe zimekauka. Mwaka mmoja kamati walinihimiza, nikatumia mbao mbichi, jua la Oktoba la Tabora likazipinda mkutano ukiwa katikati. Mgombea wa watu akawa anaegemea kushoto, anajirudisha, anaegemea tena. Hotuba ilikuwa ya kupinga ulevi kazini. Watu walitazamana wakanyamaza kwa adabu, na mpaka leo yule bwana akipita sokoni kuna wamama wanamsogezea maji ya kunywa.

Siku hizi mambo yamebadilika. Jukwaa linatoka mbali kwa lori, la chuma, linakunjwa na kukunjuliwa kama mwavuli, lina taa, lina skrini, lina jenereta linalonguruma kuliko mgombea. Fundi wa hapa haitwi. Sina kinyongo. Chuma hakipindi kwa jua, na hakuna babu chini yake wa kusikiliza miguu.

Haya. Sasa korongo.

Hamna haja ya kuambiwa lilipo, mnalivuka kila siku. Lakini nyie mlilikuta na daraja. Zamani halikuwa nalo. Kiangazi lilikuwa njia ya mbuzi, mchanga mtupu, unavuka na kandambili. Masika likawa kitu kingine. Mvua ikinyesha huko juu hata hapa kukiwa na jua, maji yanakuja ghafla, mekundu, yamebeba magogo na kuku wa watu. Na shule iko ng'ambo. Sekondari iko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, na kituo cha kupigia kura kipo hapohapo shuleni, ng'ambo.

Chaguzi tatu mfululizo nilijenga jukwaa upande wetu wa korongo, na chaguzi tatu mfululizo mtu mmoja alisimama juu yake, wima kabisa, akaahidi daraja. Mtu huyo ni diwani wetu, na sote tunamwita Mtani. Alikuwa akisimama ubao wa nne kutoka kushoto, maana ndipo nguzo ya maikrofoni ilipokuwa. Nilikuwa nakaa chini ya ubao huohuo. Mara ya kwanza nilipiga makofi kule chini, nikagonga kichwa. Mara ya pili nilitikisa kichwa. Mara ya tatu nilikuwa naisema ile hotuba pamoja naye, neno kwa neno, na nilimtangulia kwenye "kwa dhati kabisa".

Tangu ile mara ya pili nilikuwa nimeacha kupiga kura. Siku ya uchaguzi nilikuwa nakaa nyumbani nanoa misumeno. Nikiulizwa, nasema najaribu kuokoa kitu chenye meno. Watu wanacheka, nami nacheka. Nilijiona mjanja kweli. Mke wangu, Bi Nyanzala, yeye alikuwa anajifunga kanga, anapita korongoni, anakwenda kupanga foleni na kurudi, hanisemeshi mpaka jioni.

Kabla ya uchaguzi uliopita, masika ya mwaka ule, mjukuu wangu Zuwena alichukuliwa na maji. Alikuwa darasa la tatu. Walikuwa wanavuka wameshikana mikono, maji yakawafika kiunoni, mkono ukachomoka. Bwana mmoja muuza mkaa alitupa baiskeli na mkaa wake, akamdaka sweta mbele kidogo, kwenye mizizi. Aliletwa nyumbani hana kiatu, hana begi, anatetemeka, anauliza kama mwalimu atamchapa kwa kupoteza daftari. Jamani. Mtoto ametoka kufa, anaogopa fimbo.

Mama yake, binti yangu, akasema basi. Mvua za mwaka ule zikiisha amalize muhula, lakini mvua nyingine zikianza na daraja hakuna, mtoto hatavuka tena. Atakwenda Ipole kwa shangazi yake, huko kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki, akasaidie kazi. Shule huko? Iko mbali, tutaona. Sote tulijua maana ya "tutaona". Zuwena naye alijua, akaacha kula vizuri.

Ndipo Oktoba ikafika, na Mtani akanitumia ujumbe nimjengee jukwaa. Mara hii hakutaka mbao za msonobari, eti mkutano uliopita ubao ulikuwa unabonyea akisimama. Kamati yake ikaleta mninga. Mninga, watoto! Mbao nene, kavu, nyekundu ndani kama nyama. Mninga wa kutengenezea kitanda cha bi harusi, wao wanaulaza chini wausimamie saa mbili kisha waupakie kwenye lori wapeleke kata nyingine. Nilizipiga randa kwa hasira.

Asubuhi ya mkutano nilimwambia mke wangu, "Nakwenda kujenga mahali pa kuahidia daraja kwa mara ya nne. Mimi nimeshakata tamaa, Mama Mwanne. Nimemaliza."

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata uso. "Kata," akasema. "Korongo halina habari na tamaa yako. Mvua inakuja mwezi ujao."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nani kakuuliza wewe? Nenda kajenge. Tena jenga vizuri, zisichubuke."

Sikuelewa. Nikaenda.

Hapa lazima niwaeleze kitu, maana nyie mnadhani utani ni zile video za kwenye simu. Baba yake diwani wetu alikuwa Mgogo, alikuja Tabora na kazi ya reli, akaoa, akabaki. Na sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walikuwa wapagazi, wakibeba mizigo ya watu kichwani kutoka hapa mpaka pwani. Pwani hufiki bila kupita Ugogo, na Ugogo hupiti bure. Unatoa ushuru wa njia, walikuwa wanauita hongo: vitambaa, shanga, majembe, ndipo unaruhusiwa kuchota maji ya kunywa. Wakatozana, wakagombana, wakachoka kugombana, wakawa watani. Mtani wako anakusimanga mbele ya mkweo na wewe huna ruhusa ya kununa. Anaingia kwenye msiba wako, anamwigiza marehemu anavyotembea, anakamata jogoo wako anaondoka naye, nawe unacheka na machozi yako usoni. Ukikasirika, aibu ni yako na ukoo wako. Sheria hiyo haina mahakama, ila sijaona mtu aliyeivunja akapata wa kumzika vizuri.

Basi mkutano ukajaa. Mtani akapanda, akasimama ubao wa nne. Aliona watu wamenuna, wengine wamempa mgongo, vijana wa umri wenu wanacheza na simu. Akataka kuwachangamsha. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo angelifanya mtani tu.

"Nyie Wanyamwezi!" akapaza sauti. "Mbona mmenuna kama mmetua mizigo sasa hivi? Wapagazi wakubwa nyie! Babu zenu walipita kwetu na mizigo utosini, tukawatoza mpaka shuka za kujifunika! Walifika pwani uchi!"

Uwanja mzima ukalipuka. Hata mimi kule chini nilicheka, nisiseme uongo. Ulikuwa utani mzuri. Lakini utani ni mlango wa zizi: ukiufungua wewe, huchagui ng'ombe gani atoke.

Akaendelea. Akaingia kwenye daraja. Miguu ikasimama wima. Nikaanza kuisema ile hotuba pamoja naye, na tulipofika kwenye "kwa dhati kabisa", nikasikia sauti ya mke wangu.

"Mtani!"

Ile miguu ikageuka.

"Naam, mama yangu!"

"Umesema babu zetu walikuwa wapagazi?"

"Nimesema, na alama ya mzigo ninaiona hapo utosini kwako!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na ninyi mliwatoza kwa kupita?"

"Mpaka shuka, mama!"

"Haya. Leo wewe umepita kwetu, tena mara ya nne. Ushuru wetu uko wapi?"

Mtani akajipapasa mifuko kwa mbwembwe, akavua kofia akaitikisa, haina kitu. "Nipeni kura, daraja ndilo ushuru wenu!"

"Hilo tumelisikia. Sisi tunatoza kilichopo."

Nikasikia ngazi inalia. Bi Nyanzala alikuwa anapanda. Enzi hizo magoti yake yalikuwa mazima. Akafika katikati, akakaa kitako juu ya mninga, akanyoosha miguu yote miwili, akapigapiga ubao kwa kiganja kama mtu anayenunua godoro.

"Tunatwaa hiki," akasema. "Na kubeba usituhofie. Si umesema mwenyewe tuna alama?"

Loo! Kelele zilizopigwa pale, mimi nilidhani jukwaa limeanguka. Kijana mmoja wa kamati, kavaa kofia ya chama na miwani ya jua, akaanza kufoka kwamba mbao ni mali ya kampeni, kesho zinatakiwa kata nyingine, lori linasubiri. Watu wakamwangalia kwa huruma. Halafu wote wakamgeukia Mtani.

Namsifu kwa hili. Alisimama akafikiri. Akikasirika, amekasirikia utani alioufungua mwenyewe, mbele ya kata nzima, siku chache kabla ya kura. Hata baba yake kaburini angegeuka. Akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe, lakini alicheka.

"Chukueni, wapagazi nyie!" akasema. "Ila mkizidondosha, nawatoza tena!"

Bi Nyanzala akainama pembeni ya jukwaa akaniona kule chini, nimeshika nyundo, nimeachama. "Wewe nawe unangoja nini? Si ulizipigilia wewe? Zing'oe."

Nikazing'oa. Mtani alikuwa bado ameshika maikrofoni, ikabidi ashuke maana ubao wake ulikuwa umefikiwa. Mbao zikawekwa vichwani, watu wawiliwawili, mmoja mbele mmoja nyuma, wamepanga mstari kutoka uwanjani mpaka korongoni. Wazee wakaanzisha wimbo wa kupokezana ambao sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Msafara kabisa. Vijana waliokuwa wanacheza na simu walikuwa wamebeba, na simu wamezibana midomoni.

Kazi ya daraja ilikuwa yangu, na nikaiharibu. Jamaa mmoja alitoa miti ya mikaratusi shambani kwake, tukailaza juu ya mawe ng'ambo na ng'ambo, imara. Nami nikapigilia mbao nilivyozoea, zimebanana kabisa, sindano haipiti. Ndivyo jukwaa linavyojengwa. Ukiacha mwanya, kisigino cha mama mwenyekiti kinanasa na mkutano unaharibika. Nikalitazama nikalipenda. Mvua ya kwanza ikaja, mninga ukavimba, mbao zikakosa pa kwenda, zikaanza kujinyanyua katikati na kung'oa misumari. Nikakumbuka Fundi Athumani na kicheko chake nyuma ya msikiti. Nilikuwa nimejenga jukwaa juu ya maji! Nikalifumua lote nikiwa nimelowa chepechepe, nikapigilia upya, kwa mpangilio uleule wa jukwaani, kila ubao na jirani yake nimewatenganisha kwa upana wa kidole. Daraja lazima lipumue. Shikeni hilo, kuna siku mtanikumbuka.

Asubuhi maji yalipopita kwa mara ya kwanza, mekundu, na magogo yake, Zuwena alisimama upande wetu na begi jipya. Mama yake amemshika bega, hataki kumwachia. Maji yanapiga kelele chini. Bi Nyanzala akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwanangu, nenda shule." Akaenda. Alikanyaga kila ubao kama anaubembeleza. Alipofika ng'ambo akageuka akatupungia mkono, kisha akaanza kukimbia maana kengele ilikuwa imelia. Nililia. Nilisimama pale mbele za watu nikalia kama mjinga, na wala sikujifuta.

Mtani alishinda uchaguzi, na kabla mwaka haujaisha akaja kuzindua daraja. Msicheke. Alikuja na utepe, mkasi, na kibao cha saruji chenye jina lake. Akahutubia kwamba alichoahidi ametekeleza, tena kwa mbao zake mwenyewe. Sasa mtu umbishie nini? Zilikuwa zake kweli. Nilimgeukia Bi Nyanzala nikitegemea atasema neno, akaniambia, "Mwache akate kitambaa chake. Daraja tunalo." Kile kibao kilichukuliwa na maji masika yaliyofuata. Kilisimikwa ovyo, hakikuwa na msingi.

Sasa ya juzi, ambayo Kulwa na wenzako mmeisikia nusunusu.

Jukwaa la chuma la kampeni ya mwaka huu limeharibikiwa na lori huko njiani, halifiki. Mkutano ulikuwa keshokutwa yake. Wakaja kwangu vijana wawili wa kamati, mmoja ni yuleyule wa miwani, sasa ana kitambi. Shikamoo mzee, marahaba, wakakaa. Wakasema wana ombi dogo. Wanajua mbao zile za mninga bado nzima. Wanaomba wazing'oe, siku moja tu, wajengee jukwaa, jioni wazirudishe.

Nikawauliza, kwenye mkutano huo Mtani ataahidi nini?

Wakatazamana. Yule wa miwani akajibu, bila hata kucheka, "Daraja la kisasa, mzee. La zege."

Wallahi, nilihisi ile hali ya zamani inanirudia, ile ya kunoa misumeno. Wanataka kubomoa daraja ili wapate pa kusimama waahidi daraja! Na ubao ukishang'olewa ukapanda lori la kampeni, haurudi, hayo nayajua mimi niliyepakia malori yao ujana wangu wote. Zuwena sasa yuko kidato cha kwanza, kila siku anavuka hapo. Mawingu yenyewe mnayaona yanavyojikusanya. Nilitaka kuwafukuza, nikakosa hata nguvu ya kufoka.

Bi Nyanzala akatoka ndani na fimbo yake ya kutembelea. "Mwambieni mtani wangu," akasema, "mbao hazishuki. Yeye ndiye aje kwenye mbao. Ahutubie palepale, juu ya daraja, watu wakae kingoni huku na huku, nafasi ipo. Ila njia asizibe. Watoto wanapita."

Na akaja! Kulwa, ulikuwepo, umekaa juu ya pikipiki yako umekunja mikono. Ulimwona amesimama ubao wa nne, wima kabisa. Akaanza, "Ndugu zangu, kwa dhati kabisa." Nami midomo yangu ilikuwa inakwenda naye, siwezi kuizuia tena, ni ugonjwa. Ndipo Zuwena akatokea upande wa shule, anasukuma baiskeli, sare yake, begi mgongoni. Daraja jembamba. Akamfikia akasimama.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba njia."

Kata nzima ikamtazama. Na Mtani, akiwa katikati ya sentensi, na maikrofoni mkononi, akajibana kwenye ukingo, akavuta tumbo ndani, baiskeli ikapita. Hakumaliza hata kuirudia ile sentensi, likaja kundi jingine la wanafunzi, shikamoo, naomba njia. Shikamoo, naomba njia. Nimejenga majukwaa maisha yangu yote, na siku ile ndiyo mara ya kwanza kumwona mgombea akipisha.

Basi, Kulwa, mimi sikuahidi kitu. Sijui kura yako itahesabiwaje, na anayekwambia anajua anakuuzia kitambaa cha mbele ya jukwaa. Siku hiyo nitapita korongoni na Bi Nyanzala, polepole, kwa sababu ya magoti yake, maana mwaka huu misumeno yangu imenolewa ya kutosha. Unaweza kutubeba kwa pikipiki, unaweza usitubebe.

Ila kuna jambo moja. Ubao wa nne umeanza kulegea, nimeukanyaga jana nikausikia. Ni kusimamiwa na mtu yuleyule, uchaguzi huu na uliopita. Mvua haiko mbali, na mimi kuingia chini siwezi tena. Misumari ya inchi nne ninayo ndani, nyundo ninayo. Kesho asubuhi, kabla watoto hawajaanza kupita, njoo uvichukue.